Kwa Njogu Ilikuwa Wapi

Wazee wengi hutaja ukoo wao kwa mdomo, na mbele ya wakwe hutaja kidogo tu. Mzee Gathogo alitaka wageni wake wasikie yote. Binti yake Waithira, mwalimu wa jiografia katika shule moja mjini Eldoret, alikuwa ametumia likizo zake kuwahoji watu wa ukoo kutoka Nyeri hadi Elburgon: nani alizaliwa wapi, nani alihamia shamba la mzungu gani, nani alizikwa wapi. Kwa hiyo, Jumamosi moja ya Agosti 1974, watu wa Stephen walipofika Plateau kuzungumza habari za mahari, wakiwa na vibuyu vya mursik, yale maziwa yao ya kugandishwa, na kondoo dume, Mzee Gathogo alimwagiza binti yake asome kabla ya chakula.

Stephen, fundi wa matrekta, alikaa katikati ya baba yake, Mzee Kipkorir, na mama yake, Mama Mary. Upande wa pili walikaa Gathogo, mkewe Nduta, na Ephantus, mdogo wake Gathogo aliyezaliwa Elburgon, ambaye alikuwa na duka hapo Plateau na maoni juu ya kila jambo lililopita mbele ya duka hilo.

Waithira alisoma bila haraka, kama anavyowasomea wanafunzi. Alifika kwenye kizazi cha baba yake.

"Njambi, dada yake Gathogo. Aliachwa Kwa Njogu alipokuwa ameanza tu kutembea, akiugua surua, wakati wazazi wake walipofukuzwa shambani pamoja na mbuzi wao. Aliachiwa mama mmoja Mnandi aliyekuwa akikamua ng'ombe wa mzungu. Wazazi walifariki kabla ya kurudi kumchukua. Hajulikani alipo."

Mama Mary aliweka kikombe chini.

"Umesema Kwa Njogu?"

"Ndiyo, Mama."

"Hii Kwa Njogu ya Cheptiret?"

"Hiyo hiyo," alidakia Gathogo. "Kaburu mnene. Sisi Wakikuyu tulimwita Njogu, yaani ndovu, kwa sababu akiingia nyumbani vikombe vilitikisika kabatini."

"Mimi nilitoka huko," alisema Mama Mary. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Walionilea ni Wanandi. Lakini kitu kimoja waliniambia kabla hawajafunga mdomo: wewe ni mtoto wa Wakikuyu, uliachwa Kwa Njogu."

Nduta ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Gathogo alivuka chumba, akamshika Mama Mary mkono, akalitamka jina ambalo hakuwa amemwita mtu yeyote tangu utotoni: "Njambi." Watu walisimama, viti vikaanguka. Mzee Kipkorir alicheka hadi akajifuta macho.

"Kumbe mke wangu ana ndugu Plateau! Na miaka hii yote nanunua sukari kwa shemeji bila kupunguziwa hata senti!"

"Shemeji hapunguziwi, anaongezewa," alijibu Ephantus, na watu wakacheka tena. Kisha Ephantus mwenyewe akaacha kucheka. Alimtazama Stephen, akamtazama Waithira.

"Ngojeni kwanza. Kama huyu ni Njambi, basi Stephen ni mtoto wa shangazi yake Waithira. Hapa hakuna bwana harusi na bibi harusi. Hapa kuna binamu wawili."

Kondoo alilia nje. Mwiko huo ulikuwa mmoja kwa Wakikuyu na kwa Wanandi, na kanisani pia wasingefungishwa ndoa.

Wageni walipoondoka, Ephantus alisema kwamba kesho yake atamwona mchungaji ili tangazo la ndoa lisisomwe tena.

"Nipe wiki moja, Baba Mdogo," alisema Waithira.

"Ya kulia?"

"Ya kuuliza."

"Si umeshauliza mpaka Nyeri? Majibu ndiyo haya, mama. Umeyasoma mwenyewe, tena kwa sauti nzuri."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomsumbua Waithira zaidi ya maneno mengine yote ya siku hiyo. Usiku huo hakulia. Alijiuliza walijua nini hasa. Walijua kwamba mtoto aliachwa mahali paitwapo Kwa Njogu, na kwamba mtoto alichukuliwa mahali paitwapo Kwa Njogu. Kutokana na hayo mawili, watu wazima wote chumbani walikuwa wamemwona mtu mmoja. Darasani alikuwa akimnyima alama mwanafunzi yeyote aliyechora ramani bila kuonyesha kaskazini. Yeye mwenyewe alikuwa ameandika jina la mahali kama alivyolisikia, bila kuuliza nani aliyeliita hivyo, mwaka gani, na kutoka hapo mtu huona nini.

Asubuhi alianza na baba yake, aliyekuwa akifunga kilo mbili za sukari na blanketi jipya ampelekee dada yake.

"Baba, ulipotoka Kwa Njogu ulikuwa mkubwa kiasi gani?"

"Nilikuwa kihii. Sijatahiriwa. Nachunga mbuzi."

"Ulitahiriwa wapi?"

"Elburgon."

"Mwaka gani?"

"Mwaka wa nzige. Nani asiyejua? Tuliketi mtoni na wenzangu, baridi inatuuma, nzige wakaja wakafunika jua. Mzee mmoja akasema hata jua limefumba macho lisione vihii wakilia."

"Na mlilia?"

"Wewe, heshimu baba yako." Lakini alikuwa akitabasamu. Tangu jana yake alitabasamu kwa kila kitu.

"Kwa Njogu ulipokuwa ukichunga, uliona nini?"

"Mbuzi."

"Mbali zaidi ya mbuzi."

Gathogo aliacha kufunga kamba. "Lile jiwe kubwa. Sergoit. Asubuhi nikifungulia mbuzi, jua lilikuwa linatokea pale pale, nyuma ya jiwe. Nilidhani linalala huko." Alichukua blanketi lake. "Waithira, najua unatafuta nini. Stephen ni kijana mzuri, nami nimeumia kwa ajili yako. Lakini usininyang'anye dada."

Waithira hakuahidi kitu. Aliandika: mwaka wa nzige, Elburgon. Jua nyuma ya Sergoit.

Jumatano alasiri Stephen alimchukua shuleni kwa pikipiki, wakashika barabara ya Nakuru hadi Cheptiret. Njiani hawakuzungumza, injini ilikuwa na kelele na hakuna kati yao aliyetaka kuzungumza kama binamu. Walikuwa wakienda kwa Kogo Hellen, dada wa marehemu mama aliyemlea Mary. Kwa Wanandi wote wa hapo alikuwa Kogo, yaani bibi, na ndiye pekee aliyebaki kati ya waliokuwa watu wazima wakati Mary alipoletwa nyumbani.

Walimkuta akichambua maharagwe juu ya gunia. Alimsalimu Stephen kwa furaha, akamtazama Waithira kuanzia kichwani hadi viatuni.

"Huyu ndiye Mkikuyu wako? Mwembamba. Hawampi maziwa?"

"Anakunywa chai, Kogo."

"Chai ni maji yaliyoogopa."

Stephen alipotaja jina la mama yake, uso wa Kogo Hellen ulifungwa. "Najua mmekuja kuuliza nini, habari imefika. Sitasema. Mtoto akipakwa siagi na kupewa jina, amezaliwa kwetu. Nyumba aliyotoka haitajwi. Dada yangu aliapa, nami nilikuwa nimesimama hapo. Mnataka nife vibaya kwa sababu ya harusi?"

Stephen aliinama. Safari ilikuwa imekwisha kabla ya kuanza. Waithira alivuta kigoda, akaketi, akaanza kuchambua maharagwe.

"Kogo, sitakuuliza habari za mtoto. Nakuuliza habari za mahali. Kuna mwiko juu ya mahali?"

Kizee alifikiri. "Mahali hakuna mwiko. Mahali hapajapakwa siagi na mtu."

"Lile shamba la Njogu, ninyi mnaliitaje?"

"Njogu ni jina lenu. Sisi tunasema Kapsinendet. Kuna mmea wa sinendet kandokando ya kijito. Baba yangu alipaita Kapsinendet, babu yake pia, na mzungu alipokuja palikuwa Kapsinendet, na alipoondoka pakabaki Kapsinendet. Wazungu ni kama mbwa wa jirani, kila mmoja ana jina, lakini boma ni lile lile."

"Walikuwa wengi? Wazungu?"

"Watatu. Wa kwanza alikuwa na ndevu nyekundu, akafa. Wa pili alikuwa Mwingereza, hakujua ng'ombe, alisoma kitabu shambani. Nzige walipokula ngano yake yote, akapakia kitabu chake, akaenda. Ndipo akaja huyo mnene."

Mkono wa Waithira ulisimama juu ya maharagwe.

"Njogu alikuja baada ya nzige?"

"Si nimekwambia? Nzige walimfukuza Mwingereza. Mnene alinunua kwa bei ya bure, nyasi bado hazijaota. Alikuja na magari ya kukokotwa na maksai, na wafanyakazi wake Wakikuyu wakitembea nyuma."

"Alitoka wapi?"

"Huko ng'ambo ya mji. Alikuwa na shamba jingine kwanza. Hilo sijui, si kwetu."

Waithira alijilazimisha kuuliza swali la mwisho kwa sauti ile ile. "Na Mama Mary, alipopashwa tohara, aliingia na wasichana gani?"

Kogo Hellen alimpima kwa macho, akaona swali hilo halikuvuka mpaka wowote. "Na binti yangu Priscah. Mwaka vita vya Hitler vilipoisha. Walikuwa kimo kimoja kama mapacha. Priscah nilimzaa nzige wakiwa bado kwenye paa; nilimfunika kwa ngozi wasimtambae."

Waithira alimshukuru, akamaliza maharagwe yaliyokuwa mbele yake, akatoka nje kwa mwendo wa kawaida. Walipofika kwenye pikipiki alimshika Stephen mabega yote mawili.

"Baba alitahiriwa Elburgon mwaka wa nzige. Umesikia? Alikuwa ameshatoka! Njogu alikuwa bado hajafika hapa!"

"Pole pole. Sielewi."

"Jina lilikuwa la mtu, Stephen. Si la ardhi. Mzungu alipohama, jina lilihama naye, kama magodoro. Baba aliishi Kwa Njogu, ndiyo, lakini Kwa Njogu nyingine. Alirudi huku Uasin Gishu baada ya uhuru kununua shamba, akasikia watu wakisema Kwa Njogu iko Cheptiret, akaamini. Nami nikaandika."

Stephen alikuwa fundi. Alipenda kuona kipande kikiingia mahali pake. Alihesabu kimya kimya, midomo ikicheza. "Njambi alikuwa anatembea kabla ya nzige. Mama alizaliwa wakati wa nzige au baada."

"Ndiyo."

"Basi Mama si Njambi."

"Sema tena."

"Mama si Njambi!" Alipiga kelele hiyo katikati ya barabara ya Nakuru, na mwenye baiskeli aliyekuwa akipita na mzigo wa kuni akamjibu, "Sawa, mzee, si Njambi!"

Waliendesha kurudi Plateau kwa kasi ambayo Waithira hakuwahi kuiruhusu kabla.

Ephantus hakufurahishwa. Aliwasikiliza akiwa amesimama nyuma ya meza ya duka, Gathogo akiwa ameketi juu ya gunia la chumvi, uso ukizidi kuwa mzito kwa kila sentensi.

"Sasa nieleze mimi nisiyesoma," alisema Ephantus. "Jumamosi ulisoma kwamba ni Cheptiret. Jumatano, baada ya kupanda pikipiki ya mchumba, si Cheptiret. Ushahidi wa bibi harusi huo. Mwizi wa kuku akiulizwa njia, huonyesha ile isiyopita kwake."

"Ndiyo maana sitaki uniamini, Baba Mdogo. Nataka uende uone."

"Nione nini? Nzige?"

"Jua."

Alimweleza. Baba yake aliona jua likichomoza nyuma ya Sergoit. Sergoit haijahama.

"Sergoit inaonekana kutoka kila mahali," alisema Ephantus. "Hata mimi naiona nikienda chooni."

"Inaonekana kutoka kila mahali. Lakini si kila mahali jua hutokea nyuma yake. Ukiwa hapa Plateau, unaiona upande gani?"

Ephantus alifungua mdomo, akageuka, akaelekeza kidole kaskazini, akakitazama kidole chake.

"Twende Cheptiret alfajiri," alisema Waithira. "Baba asimame Kapsinendet, jua lichomoze. Kama litatoka nyuma ya jiwe, nitakwenda mwenyewe kwa mchungaji."

"Na kama halitatoka?"

"Basi utatuazima gari twende upande wa pili wa mji."

Ephantus alikuwa mbishi, lakini hakuwa mtu wa kukataa dau. Gathogo aliinuka kwenye gunia, akasema, "Njambi aje pia. Kama nitanyang'anywa, ninyang'anywe akiona."

Jumamosi waliondoka kwa Peugeot ya Ephantus, ile ya kubebea mizigo. Mbele walikaa Ephantus, Gathogo na Mama Mary. Nyuma, kati ya magunia matupu, Waithira, Stephen na Mzee Kipkorir, aliyesema hawezi kukosa kuona mke wake akibadilishwa ukoo mara ya pili ndani ya mwezi mmoja.

Kapsinendet ilikuwa sasa mali ya chama cha ushirika, ngano ikiwa imefika kiunoni. Walisimama kwenye mwinuko. Gathogo alikuwa amemshika Mama Mary mkono kama mtoto anavyoshikwa sokoni. Mbingu ilianza kuwa nyeupe, kisha njano, na watu wote walijikuta wakitazama sehemu moja, kule msitu ulikopanga miti yake yote kama ukuta. Jua lilitokea hapo, juu ya miti. Hapakuwa na jiwe lolote.

"Sergoit iko wapi?" aliuliza Ephantus.

Waithira alionyesha. Ilikuwa mbali, kushoto kabisa, ndogo kama kichuguu.

Gathogo alilitazama jiwe, akatikisa kichwa. "Sijawahi kusimama hapa," alisema.

Waithira alimwona baba yake bado ameushika mkono wa Mama Mary, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo furaha yake mwenyewe ikapata uzito. Lakini Ephantus alikuwa na jambo jingine. Alikuwa amelihifadhi tangu Plateau.

"Kuna tundu, mwalimu. Huyo Kogo wa Stephen alisema Njogu alikuja na magari na Wakikuyu nyuma. Je, kama alimleta mtoto pamoja nao? Njambi anaachwa kule, analetwa huku, anachukuliwa huku. Bado ni yule yule."

Mama Mary aligeuka haraka, na Gathogo pia. Lilikuwa swali zuri, na Waithira alilipenda kwa sababu alikuwa amekwisha kujiuliza.

"Njambi alipoachwa alikuwa anatembea, na nzige walikuwa bado. Mama Mary, ulipopashwa tohara na Priscah, nani alikuwa mkubwa?"

"Tulikuwa sawa," alisema Mama Mary polepole. "Priscah alinizidi meno tu."

"Priscah alizaliwa nzige wakiwa kwenye paa. Njambi wakati huo angeweza kuchunga ndama. Vita vya Hitler vilipoisha Njambi angekuwa mwanamke mwenye watoto. Hakuna mwanamke mwenye watoto anayepashwa tohara na wasichana."

Ephantus alikuna kidevu. Alitafuta tundu jingine, akakosa.

"Ingieni garini," alisema. "Mafuta ni juu yangu."

Walipita katikati ya mji wa Eldoret maduka yakifunguliwa, wakashika njia ya kaskazini. Zaidi ya Chepkoilel, Sergoit ilianza kukua. Kila walipopanda mwinuko ilikuwa imesogea kuelekea upande wa kulia, upande wa jua, kama mtu anayezunguka meza ili akae mahali pake. Gathogo alikuwa ameshusha kioo na kutoa kichwa nje.

"Endelea," alisema. "Endelea. Bado. Kuna mfereji. Tulikuwa na mfereji wa maji, Njogu aliuchimba kwa maksai. Endelea. Simama! Ephantus, simama!"

Alishuka kabla gari halijasimama vizuri. Mfereji ulikuwapo, umejaa nyasi, ukishuka kuelekea mkuyu mkubwa. Gathogo alitembea kandokando yake, karibu kukimbia, akimvuta Mama Mary. Alisimama penye mawe ya duara yaliyozama ardhini, moja ya yale mashimo ya watu wa kale ambayo yametapakaa nchi ile.

"Hapa tulilaza mbuzi. Ndani ya shimo hili. Asubuhi nilisimama hapa." Aligeuka. Sergoit ilikuwa mbele yake, na jua la saa tatu likiwa limesimama juu yake, mkono wa kushoto kidogo.

Kisha alitazama mkono aliokuwa ameushika, akauachia. Aliuachia taratibu, akarudi nyuma hatua moja, akavua kofia. Ndugu hushikwa mkono. Mama mkwe wa binti yako humshiki. Humpi hata mgongo.

"Mama Stephen," alisema. "Nisamehe. Wewe ni mkwe wangu."

Mama Mary aliinamisha kichwa, machozi yakimtoka, akajibu kwa adabu ile ile: "Nimeshukuru, Mzee Gathogo. Wiki nzima ulikuwa ndugu mzuri."

"Mmesikia?" Ephantus aliwageukia Waithira na Stephen. "Ameshasema. Nani alitaka kuvunja harusi hapa? Mimi? Mimi nilitaka uhakika tu."

Stephen alimnyanyua Waithira juu ya mfereji, akamzungusha, na Mzee Kipkorir akapiga makofi. Kelele zao zilimtoa mwanamke mmoja kwenye shamba la mahindi lililokuwa jirani, mzee, jembe begani. Mzee Kipkorir alimsalimu kwa Kinandi, akamuuliza mahali hapo panaitwaje.

"Simotwet," alijibu mwanamke, akionyesha mkuyu kwa kidevu, kana kwamba wameuliza jina la mkuyu. "Mmekuja kununua? Ushirika umeshanunua."

"Tunatafuta mtoto wa Kikuyu," Gathogo alidakia kwa Kiswahili. "Aliachwa hapa na surua. Njambi."

"Jina hilo silijui."

"Ngoja, Baba," alisema Waithira. Hakutaka kumpa mama huyo jibu mdomoni. "Mama, nzige walipokuja, ulikuwa hapa?"

"Nilikuwa msichana mdogo hapa hapa."

"Watoto walifanya nini?"

"Tulipiga madebe. Siku nzima, wasitue." Alicheka. "Mimi na wengine. Na yule wa Kikuyu, yule aliyelelewa na mama wa maziwa. Huyo alipiga debe mpaka likatoboka."

Gathogo alimshika Waithira bega. Waithira aliuliza kwa niaba yake.

"Yuko wapi?"

"Si aliolewa Moiben? Alipewa jina Tapsubei. Yuko. Nilimwona msibani mwaka jana, anabishana na mchungaji."

"Anabishana!" alipaza sauti Ephantus. "Huyo ni wa kwetu! Hakuna haja ya ushahidi mwingine!"

"Upo," alisema Waithira. "Tutauliza nani aliyemlea, na kama alikuwa anatembea—"

"Utauliza ukiwa garini! Ingieni!"

Gathogo alikuwa ameshaingia. Mzee Kipkorir alikuwa akimsaidia mwanamke wa mahindi kupanda nyuma, jembe na vyote, kwa kuwa alijua nyumba. Waithira alikuwa amebaki penye mawe, akiandika kwa haraka juu ya goti: Simotwet, kwa Wanandi, zamani hadi sasa. Kwa Njogu, kwa Wakikuyu, kabla ya nzige tu. Mfereji, mkuyu, Sergoit upande wa jua. Mama Mary alikuja akasimama karibu naye.

"Na mimi utaniandika wapi?"

"Kapsinendet. Baada ya nzige."

"Hapo ndipo nilipoachwa. Nilikuwa wa nani?"

Waithira alimtazama. Kwa wiki moja mwanamke huyu alikuwa na ndugu, na yeye ndiye aliyemwondolea.

"Sijui, Mama. Najua hukuwa wetu, kwa sababu mwaka huo watu wetu wote walikuwa Elburgon na Nyeri; hilo nimelihakikisha kwa wazee saba. Lakini Wakikuyu waliotembea nyuma ya magari ya Njogu walikuwa na majina. Baadhi yao bado wako hai."

"Utawatafuta?"

"Nitaanza Jumatatu."

"Mama!" Stephen aliita kutoka kwenye gari, injini ikiunguruma, Ephantus akipiga honi bila kuacha. "Tafadhali! Mwache kwanza tuoane! Akianza kuuliza Jumatatu, Jumanne nitakuwa mjomba wake!"

Mama Mary alicheka, cheko la kwanza tangu alfajiri, akamshika Waithira mkono, wakakimbia pamoja kuelekea garini.